Kama hamna cha kuwapa, basi waacheni wafanye kazi: barua ya wazi kutoka Nakuru

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kwa Kamishna wa Wakimbizi, kwa Gavana wetu wa Nakuru, na wale wa Kisumu, Busia, Uasin Gishu na Trans Nzoia pia msome juu hii maneno iko kwenu vile iko kwetu,

Waheshimiwa, salamu nyingi. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, wale mnatuita CHP, kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba huku Kaptembwo na begi la dawa na simu ya kuandikisha watu. Mlitupa begi na mlitupa simu, tunashukuru, ile marupurupu ya mwezi tutaongea siku nyingine. Leo naandika juu ya watu wengine. Ukiingia kila nyumba unaona vitu ambavyo nafikiri hazifiki huko juu, na moja ambayo inaninyima usingizi ni ya hawa watu waliokimbia vita kwao, wakaomba hifadhi hapa Kenya, wakaandikishwa, wakaambiwa wasubiri, na hakuna mtu amewaambia wanakula nini wakisubiri.

Ombi langu nitalisema mapema ndio asipatikane mtu wa kusema hakuelewa. Mtu anayesubiri majibu yake, ama serikali imsaidie, ama serikali imwache ajisaidie. Kwa sasa hivi mwomba hifadhi anayeishi mjini hapa kwetu hana hata moja kati ya hizo mbili.

Nieleze venye maisha iko. Kuna mama ametoka Bukavu kule Kongo, waasi wa M23 waliingia huo mji mwezi wa pili mwaka wa 2025 na yeye akatoka na watoto na nguo walizovaa, wakapitia Uganda, wakaingilia Busia, wakafika Nakuru juu kuna familia ya kanisa lao ilikuwa imetangulia. Amepanga chumba kimoja cha mabati, kodi 2,500, choo ni ya ploti nzima, maji ananunua kwa mtungi. Alifanya kila kitu sheria inataka, akajipeleka mwenyewe, akatoa alama za vidole, akapewa karatasi. Hiyo karatasi ndio kila kitu ako nacho. Imeandikwa kwamba ameomba hifadhi na kesi yake inaangaliwa, basi. Akienda kuulizia anaambiwa bado, akipiga simu anaambiwa bado, na nauli ya kwenda Nairobi kuambiwa bado ni pesa ya unga ya karibu wiki nzima. Na si yeye peke yake, katika nyumba zangu niko na Wakongo, Warundi, na Wasudani Kusini, na kuna familia moja imekaa na karatasi ya aina hiyo tangu kijana wao akiwa nasari na saa hii huyo kijana anakaribia kuingia junia.

Sasa wanaishi aje? Wanaume wanaenda mjengo, wanawake wanafua nguo kwa watu. Kufua siku nzima ni 300 ama 400 ukipata mwenye roho nzuri, lakini mwenye nguo akishajua huna kitambulisho anaweza kukupa 150 jioni na utaenda kumshtaki wapi? Kuna mwalimu wa hesabu wa sekondari, Mrundi, mtu amesoma, ukimsikiliza akiwaeleza watoto wa ploti ile hesabu ya sehemu unatamani angekuwa darasani, na huyo anabeba mawe, na siku fundi anaamua kutomlipa anarudi nyumbani mikono mitupu akiwa kimya kabisa juu akipiga kelele ni yeye ataulizwa karatasi.

Simu ndio inaniumiza zaidi. Kenya hii bila laini yako wewe si mtu, kodi ni simu, mshahara wa kibarua ni simu, karo ni simu. Huyu mama amejaribu kuandikisha laini na karatasi yake akarudishwa, kwa hivyo pesa yake inaingia kwa laini ya jirani. Kuna jirani mzuri na kuna jirani anayekata hamsini kila mara pesa ikiingia, na kuna siku jirani anasafiri na pesa yako iko kwa mfuko wake, na watoto wako wanakuangalia.

Halafu kuna hospitali, ambayo ndio kazi yangu. Chanjo za watoto wanapewa bila shida, hapo lazima niwape heko manesi wetu, hawaulizi mtoto ametoka wapi. Shida inaanza mtu mzima akiugua ama mama akiwa na mimba. SHA, ile bima ya afya ya serikali, ukibonyeza *147# kitu ya kwanza inataka namba ya kitambulisho. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mama mmoja mjamzito wa miezi saba kituo fulani cha afya, karani akaangalia ile karatasi, akaingiza namba, sistemu ikakataa, akaingiza tena, ikakataa, akatuambia tulipe keshi. Si makosa ya karani, dada wa watu alikuwa na foleni mpaka nje. Lakini matibabu ya zahanati yanafaa kuwa bure kwa aliyejiandikisha, na huyu hawezi kujiandikisha si kwa sababu amekataa, ni kwa sababu mashine haijaambiwa mtu kama yeye yuko. Chama chetu cha akina mama tulichanga. Na akina mama wa chama chetu ni wa kuuza sukuma na mandazi, waheshimiwa, hao ndio wamebeba mzigo ambao nchi ilitia sahihi kuubeba ilipoingia mkataba wa wakimbizi mwaka wa 1966.

Najua mtaniambia Kenya si Ulaya. Sawa, tuanze na Ulaya basi, juu mimi nimekuwa nikisoma na pia naongea na watu waliofika huko, na sijakuja kuwaambia huko ni peponi.

Uingereza kuna sheria ya 1999 inayosema mwomba hifadhi ambaye hana kitu asiachwe alale nje. Mwaka wa 2025 alikuwa anapewa mahali pa kulala na kadi yenye pauni 49 na senti 18 kwa wiki, hiyo ni kama elfu nane ya kwetu na kitu, na akiwekwa hoteli mahali anapikiwa hiyo pesa inashushwa sana. Kazi hakubaliwi. Mpaka akae mwaka mzima bila jibu ndio anaweza kuomba ruhusa, na hata hapo ni kazi chache zilizoandikwa kwa orodha. Watu wanakaa kwa chumba wanaangalia ukuta mpaka akili inaanza kuzunguka. Na wakati mwingine serikali yao imefanya mambo mabaya zaidi, mwaka wa 2023 waliweka watu kwa meli, iliitwa Bibby Stockholm, ilikuwa imefungwa bandari ya Portland kama jela ya majini, na walitaka kuwapakia watu ndege wawapeleke Rwanda mpaka mahakama yao ya juu kabisa ikasema tarehe 15 Novemba 2023 kwamba hiyo haiwezekani kisheria. Mtu akipata ukimbizi wake rasmi walikuwa wanampa siku 28 atoke kwa ile nyumba ajitegemee, na wengi walitoka hapo wakaenda kulala barabarani. Kwa hivyo siwasifu.

Ujerumani nao wana sheria ya 1993 iliyowekea waombaji hifadhi pesa kidogo kuliko mtu mwingine yeyote anayesaidiwa na serikali, ikakaa hivyo karibu miaka ishirini bila kuongezwa, mpaka Mahakama ya Katiba mwaka wa 2012 ikasema hiyo pesa haitoshi mtu kuishi na kwamba huwezi kupunguza utu wa mtu ili kuwatisha wengine wasije. Mwaka wa 2025 mtu mzima anayeishi peke yake alihesabiwa euro 441 kwa mwezi, mwaka uliotangulia ilikuwa 460, kwa hivyo walipunguza, na siku hizi sehemu nyingi wanampa kwa kadi ndio asitoe keshi nyingi. Lakini kazi, baada ya miezi mitatu mtu ambaye hakai tena kwa kituo cha mapokezi anaweza kuomba kibali cha kufanya. Na kitu kingine magavana mngefurahia kusikia, watu wanagawanywa kwa majimbo kwa hesabu inayojulikana, mapato ya ushuru ya jimbo na idadi ya watu wake, si ati jimbo moja limebeba wote na lingine linaangalia tu.

Sweden wanampa mtu mzima anayejipikia krona 71 kwa siku, na hiyo 71 haijaongezwa tangu 1994, yaani tangu Moi akiwa Ikulu bei ya mkate imepanda mara ngapi na hiyo pesa imesimama palepale. Kanada walikata bima ya afya ya wakimbizi mwaka wa 2012, madaktari wakaandamana, mahakama mwaka wa 2014 ikasema huo ni ukatili, na 2016 ikarudishwa yote. Huko mtu anayesubiri anaweza kuomba kibali cha kazi akiwa bado anasubiri.

Nawaonyesha hizi nchi si ndio tuige pesa yao, hiyo pesa hatuna na mimi najua hatuna. Nawaonyesha juu hata wale wakali kabisa, wale hawataki wageni, wamekubali kitu kimoja: ukimkataza mtu kufanya kazi, chakula chake kimekuwa deni lako. Hata ng'ombe wa zero grezi, kwa sababu umemfungia, ni wewe unamkatia majani ya nepia. Hakuna mtu anamfunga ng'ombe halafu anamuuliza mbona hujaenda malishoni.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndio nataka tukae kidogo.

Uganda hawana pesa kutuzidi. Lakini wanakaa na wakimbizi zaidi ya milioni moja na laki saba, saa hii hakuna nchi ingine Afrika iko na wengi kama hao. Sheria yao ya 2006 na kanuni za 2010 zinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kutembea, kuanzisha biashara, na kwa makaazi kama Nakivale ama Kiryandongo familia inapewa kipande cha kujenga na kulima. Siku hizi vipande vimekuwa vidogo juu watu wamejaa na chakula cha misaada kimekatwa, huko pia watu wanalala njaa, sifichi. Ila msingi wao ni kwamba hatuna cha kukupa cha maana kwa hivyo hii jembe, hii njia, jitafutie.

Na sisi watu wa Nakuru na huku magharibi hatuna haki ya kusahau Kiryandongo. Mwaka wa 2008 baada ya kura, wakati huu mji wetu ulikuwa unachomeka na uwanja wa maonyesho wa ASK umejaa mahema, kuna Wakenya kama elfu kumi na mbili walivuka Busia na Malaba wakiwa na magodoro kichwani. Waganda waliwapokea. Waliwekwa Mulanda kule Tororo, na baadaye wale walioogopa kurudi wakapelekwa Kiryandongo, wakapewa ardhi, watoto wao wakaingia shule za Uganda wakakaa dawati moja na watoto wa huko. Wakenya! Watu wa Eldoret, watu wa Burnt Forest, watu wa hapa. Wengine walikaa miaka mingi. Hakuna aliyewaambia keti hapo usifanye chochote mpaka tukuite. Mimi nina jamaa kwa upande wa mume wangu ambaye mahindi yake ya kwanza baada ya kuchomewa nyumba aliyavuna kwa udongo wa Uganda, kwa hivyo mkiniuliza kwa nini najisumbua na Wakongo, jibu langu moja ni hilo.

Tanzania imetuonyesha pande zote mbili. Warundi waliokimbia mwaka wa 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima mpaka wakaacha kutegemea msaada, wakalipa ushuru kama wengine, na kufikia 2014 serikali ikawapa uraia zaidi ya watu laki moja na elfu sitini. Lakini hiyohiyo Tanzania, wale waliokuja baadaye kambi za Kigoma kama Nyarugusu wamefungiwa, kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua ni makosa. Walinganisheni hao watu wawili, Mrundi wa 1972 na Mrundi wa leo, ni watu wa lugha moja na shida moja, tofauti ni sheria tu waliyokutana nayo mlangoni.

Halafu kuna kesi ya Afrika Kusini ambayo natamani kila karani wa ofisi ya wakimbizi aisome. Huko hakuna kambi, watu wanaishi mjini. Zamani waombaji hifadhi walikuwa wanakatazwa kufanya kazi na kusoma kwa miezi sita ya kwanza. Mama mmoja kutoka Zimbabwe, Watchenuka, ambaye alikuwa na kijana wake mwenye ulemavu, akaenda kortini, na mwaka wa 2003 Mahakama ya Rufaa ikasema utu wa mtu hauna uraia, uko kwa mwenyeji na kwa mgeni sawasawa. Na wakaendelea, hii ndio sehemu nimeisoma mara nyingi, wakasema mahali ambapo serikali haitoi msaada wowote, ukimkataza huyo mtu kazi umemwachia aombe barabarani, ama aokote jalalani, ama aibe. Hiyo korti iliona Kaptembwo bila kufika Kaptembwo.

Kenya tuna sheria nzuri, na hapa nataka mnisikilize vizuri juu sijaja kuwatukana. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, na inataka kesi ya mwomba hifadhi iamuliwe ndani ya siku 90. Siku tisini! Mngefuata hiyo peke yake hii barua nisingeandika. Katiba yetu kifungu cha 47 inasema uamuzi wa serikali ufanywe haraka na kwa haki, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo, hakijasema mtoto wa nani. Mwaka wa 2013 serikali ilipotaka kuwazoa watu wote wa mijini iwarudishe kambini, Mahakama Kuu ilikataa, kesi ililetwa na shirika la Kituo cha Sheria. Mwaka uliofuata tukaona watu wamefungiwa uwanja wa Kasarani kwa maelfu, wenye karatasi na wasio nazo, na mpaka leo Wasudani Kusini wa hapa kwetu ukitaja Kasarani wanashuka sauti.

Tarehe 28 Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, Kakuma na Dadaab ziache kuwa kambi ziwe miji ambayo mwenyeji na mkimbizi wanatumia shule moja na hospitali moja. Ni jambo zuri na naliombea. Lakini Kakuma iko Turkana na Dadaab iko Garissa, na mimi kwa nyumba zangu hakuna hata moja iko huko. Mjini hakuna mgao wa chakula, hiyo imekuwa wazi tangu zamani, ukichagua mji umechagua kujitegemea. Sawa, wamekubali kujitegemea. Sasa mbona mnawanyima kitu ya kujitegemea nayo?

Na tafadhali msiwaambie warudi Kakuma. Mwaka huohuo wa 2025 mgao wa chakula huko ulishuka mpaka chini ya theluthi ya kile mtu anahitaji, watu wakaandamana, halafu wakaanza kupangwa kwa madaraja, huyu apate zaidi, huyu kidogo, huyu asipate kabisa. Kuna vijana wametembea kutoka huko mpaka Kitale, kutoka Kitale wakaja Nakuru, na sababu wanayotoa ni moja, njaa. Mtu hawezi kurudishwa mahali ambapo ametoroka kufa na njaa halafu tuseme tumetatua shida.

Kuna wale wataniuliza, na wameniuliza hata kwa ploti, wewe mama, Wakenya wenyewe hawana kazi, vijana wetu wanashinda kwa beisi wakingoja mjengo, na wewe unatafutia mgeni kazi? Hilo swali si baya na sitalipita juu. Huyo mgeni tayari anafanya kazi. Ako kwa mjengo saa hii. Tofauti ni kwamba anafanya kwa nusu ya bei kwa sababu hawezi kulalamika, na fundi akishajua kuna mtu wa nusu bei, kijana wetu naye anaambiwa ukikataa kuna mwingine. Kumficha huyu mtu ndio kunamharibia Mkenya mshahara. Akiwa na karatasi inayoheshimika atadai 700 kama wengine, na akifungua kibanda atalipa kaunti leseni yake, na yule mwalimu anaweza kuomba kazi kwa shule ya kibinafsi ambayo imekosa mtu wa hesabu. Pesa yake ataitumia wapi? Ni kwa mama mboga wa hapa, kwa landilodi wa hapa.

Na wa usalama wataniambia kuna watu wabaya wanajificha kati ya wakimbizi. Ndio maana nataka waandikwe. Mtu ambaye vidole vyake viko kwa mashine yenu na laini yake ya simu iko kwa jina lake mnamjua zaidi kuliko yule anayetumia laini ya jirani. Mimi sijasoma mambo ya usalama lakini hii hata chifu wetu ameiona.

Kitu kingine ambacho kinanichanganya ni hii Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iko ndani tangu 2007, Sudan Kusini tangu 2016, Kongo ikaingia 2022. Viongozi wetu wanapiga picha wakisema sisi ni watu wamoja, soko moja, mfanyabiashara atoke Goma afike Mombasa. Mtu huyohuyo wa Goma akija na bidhaa anapokewa, akija amekimbia risasi anapewa karatasi na kuambiwa asiguse kitu. Sheria yenu ya 2021 imewafungulia watu wa jumuiya mlango, wanaweza kuacha ukimbizi wachukue haki za jumuiya wakitaka, lakini kwa nyumba ninazoingia sijapata hata mtu mmoja ambaye ameelezwa hiyo kitu ni nini, faida yake ni gani na hatari yake ni gani. Mtu aliyekimbia serikali yake anaogopa kwenda kwa ubalozi wake kuomba pasipoti, hilo pia mlifikirie.

Basi hiki ndicho naomba. Kamishna, zile siku 90 zikiisha na hamjampa mtu jibu, ile karatasi yake igeuke yenyewe kuwa kibali cha kufanya kazi mpaka siku mtamjibu. Asilipie, asisafiri, asijaze fomu ingine. Kuchelewa ni kwenu, msimlipishe yeye. Na hata mkimkataa mwishoni, angalau atakuwa amekula kwa jasho lake.

Waziri, ongea na wenzako wa afya na wa mawasiliano hiyo namba ya mwomba hifadhi iingie kwa SHA na iweze kuandikisha laini. Hii haihitaji jengo wala gari, ni watu wa kompyuta kuambiwa. Huyo mama yuko tayari kulipa ile mia tatu ya mwezi, ameniambia mwenyewe, anachotaka ni mahali pa kuilipia. Na askari waelezwe ile karatasi ni nini, ionyeshwe kwa kila stesheni inakaa aje, ndio mtu asitolewe kwa matatu usiku na kuachiliwa akishatoa kitu.

Gavana wetu, na wewe wa Busia, nyinyi hamtoi vitambulisho lakini kuna mengi yako kwa mikono yenu. Leseni ya kibanda ni yenu. Zahanati ni zenu. Shule za nasari ni zenu. Wahudumu kama mimi tuko chini yenu, tunaweza kuwahesabu hawa watu nyumba kwa nyumba wiki moja tu mkituambia tufanye hivyo na mkiahidi ile orodha haitapewa mtu wa kuja kuwakamata. Huko Busia na Malaba wekeni mtu, hata mmoja, anayeongea Kiswahili cha Kongo na Kifaransa kidogo, awaambie watu wakishuka tu kwa basi wanaenda ofisi gani na wasimpe broka pesa, juu wengi wanafika Nakuru wakiwa tayari wameibiwa na mtu aliyewauzia karatasi feki pale mpakani.

Walimu wakuu nao waandikiwe barua rasmi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Kuna wakuu wanawapokea kimyakimya na wanaogopa, na kuna wale wamekataa kabisa, na watoto wa hao waliokataliwa nawakuta saa nne asubuhi wamekaa mlangoni wanachunga wadogo wao.

Niko tayari kuitwa. Nikiitwa ofisini nitakuja na hao akina mama wenyewe, wale watakaokubali, wawaeleze kwa mdomo wao, na mwalimu wa hesabu pia amesema atakuja siku ambayo hana mjengo. Yule mama wa mimba niliyemwandika hapo juu anatarajia mwezi ujao na bado namba yake haijakubali kwa SHA, kwa hivyo kama kuna mmoja wenu anasoma hii na anaweza kuinua simu aambie mtu wa sistemu aangalie, huyo tungeanza naye.

Wenu,
Mhudumu wa afya wa jamii,
Kaptembwo, Nakuru